AC na hita za gari la michezo la zamani: soma dalili kabla ya kuilaumu kompresa

Gari la michezo la miaka ya 1980 au 1990 huchakazwa na kusimama kuliko kukimbia. Likikaa wiki nane chini ya turubai, sili ya shafti ya kompresa (pampu ya gesi ya AC) hukosa oili na kukauka, oringi hukakamaa, povu la vilango vya hewa hugeuka unga, na viunganishi vya umeme huota ukoga wa kijani. Ndiyo maana utafutaji wa kosa uanzie kwenye mpira, povu, grisi na waya, chuma kije mwisho. Kompresa hufa kweli, ila husingiziwa mara nyingi zaidi kuliko inavyokufa.

Kabla hujagusa skrubu hata moja, washa injini ipate joto lake la kazi, kisha kaa kwenye kiti na ujiulize mambo matatu. Je, hewa inatoka kwa nguvu? Inatoka pale ulipoiagiza? Ina joto au baridi uliyoitaka? Jibu la "hapana" la kwanza ndilo lenye kesi. Anayeruka swali la kwanza hujikuta anajaza gesi kwenye gari ambalo feni yake haizunguki vizuri.

Zana zinazotosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii ni multimita, themomita yenye sindano, pampu ya mkono ya vakyumu (ya kunyonya hewa) yenye geji yake, seti ya geji za AC, koleo la kubana mipira, na tochi. Ukiingia ndani ya dashibodi ya gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kumi kwanza. Na gesi iliyobaki kwenye mfumo inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Ikikurukia, hugandisha ngozi papo hapo, kwa hiyo miwani ya kukinga macho haikwepeki.

Feni ya ndani inazunguka kwenye kasi ya mwisho tu

Karibu kila mara ni pakiti ya rezista. Kasi za chini hupitisha umeme kwenye nyaya za rezista ili volti zipungue. Kasi ya mwisho huzikwepa na kuchukua volti zote. Waya wa rezista ukikatika, kasi za chini hupotea na ya mwisho hubaki. Pakiti hufungwa ndani ya njia ya hewa ili ipozwe, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, kwa skrubu mbili.

Kuibadilisha ni kazi ya robo saa. Swali la maana ni kwa nini iliungua. Chomoa mota na uzungushe feni kwa kidole: inapaswa kuendelea mizunguko kadhaa bila kelele. Ikisimama papo hapo, bushi zimekauka, au majani na manyoya ya panya yamejisokota ndani. Mota inayosota huvuta ampea nyingi, na rezista mpya itaungua kama ya kwanza. Matone mawili ya oili nyepesi ya mashine kwenye kila bushi hufufua mota ambayo bado ina burashi. Usitumie dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu. Hiyo huosha oili iliyobaki kisha hukauka.

Feni ikiwa imekufa kabisa, usiishie kuangalia fyuzi. Angalia kishikio chake: plastiki iliyoyeyuka na kubadilika rangi inaonyesha mguso mbovu uliochemka. Kisha pima volti kati ya ethi ya mota na nguzo hasi ya betri wakati swichi imewashwa. Zaidi ya nusu volti ni ethi mbovu. Safisha kwa sandpepa hadi bati ling'ae.

Hewa inaenda kusikotakiwa

Hapa mafundi wengi hupotea, kwa sababu kosa haliko pale linapoonekana. Katika magari mengi ya Marekani na Ujerumani ya enzi hizo, vilango ndani ya dashibodi husukumwa na vikopo vyenye kiwambo cha mpira, na nguvu yao ni vakyumu ya injini. Kati ya injini na swichi ya dashibodi kuna valvu ya njia moja na tangi dogo la akiba. Waundaji walipanga makusudi kwamba vakyumu ikikosekana, springi ipeleke hewa kwenye kioo cha mbele, kwa sababu dereva asiyeona nje ni hatari kuliko dereva anayetokwa jasho.

Kwa hiyo sikiliza dalili yenyewe. Kama hewa hutoka usoni injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), ikahamia kiooni ukikanyaga mafuta kupanda mlima, kisha ikarudi ukiachia, vikopo ni vizima. Ukifungua mafuta, vakyumu ya injini huanguka, na akiba ilitakiwa kuziba pengo hilo. Valvu ya njia moja inavuja, au tangi limepasuka. Chomoa valvu na uipulize kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja pekee. Kama hewa iko kiooni wakati wote, njia kuu imekatika au imechomoka. Kama kilango kimoja tu hakitii, kopo lake ndilo la kushukiwa: unganisha pampu ya mkono, vuta hadi inchi 15 za zebaki, na uangalie geji. Kopo zima hushikilia bila sindano kusogea kwa dakika nzima.

Mlio wa "sss" nyuma ya vitufe hutoka kwenye swichi yenyewe, ambako oringi ndogo zimekakamaa. Nyingi hufunguka na kukubali oringi mpya zilizopakwa grisi ya silikoni. Usipuuze mlio huo hata kama vilango bado vinafanya kazi: uvujaji huo huingiza hewa isiyopimwa kwenye injini na kufanya silensa iyumbe.

Badilisha mipira ya vakyumu mmoja mmoja, ukichomoa wa zamani na kuweka mpya hapo hapo. Anayeichomoa yote kwa pamoja atashinda siku nzima akibahatisha rangi zilizofifia. Wenye Corvette ya 1968 hadi 1982 wana faida moja ya ajabu: taa zake za mbele pia huinuliwa na vakyumu, hivyo taa zinazoamka kwa uvivu na AC inayohamahama zinaweza kuwa na tundu moja.

Magari mepesi kama Mazda MX-5 ya kwanza hutumia kebo badala ya vakyumu. Kebo ikiteleza kwenye klipu yake, kitelezi cha joto hufika mwisho lakini kilango hakijafunga. Sogeza kitelezi hadi baridi kabisa, funga kilango kwa mkono, kisha ndipo ubane klipu. Ukibana kwanza na kurekebisha baadaye, utarudi tena.

Na ukiona vipande vyeusi au vya njano vinarushwa usoni mwako, hilo ni povu la vilango. Mwanzoni ni uchafu tu. Baadaye kilango hakizibi, na hewa ya moto huchanganyika na ya baridi, AC ikaonekana dhaifu wakati gesi yake ni timilifu. Tiba ni kufungua sanduku la hita, kukwangua gundi ya zamani, na kubandika povu lenye vijishimo vilivyofungwa, unene wa milimita 3 hadi 5, kwa gundi inayostahimili joto. Pale vilango ni bati lenye matundu, baadhi ya watu huingiza mkono kupitia tundu la hewa na kuyafunika kwa utepe wa alumini. Hufanya kazi, ila kingo za kilango hubaki bila povu, kwa hiyo kizibo si kamili.

AC imewashwa, hewa ni ya uvuguvugu

Jaribio la kwanza halihusu AC hata kidogo. Bana mpira unaoingiza maji ya moto kwenye redieta ndogo ya hita kwa koleo lake, subiri dakika tano, na uangalie themomita kwenye tundu la katikati. Hewa ikishuka digrii nyingi, mfumo wa gesi hauna kosa: valvu ya hita haifungi, na AC ilikuwa inashindana na maji ya nyuzi 90. Valvu hizi ni za plastiki au shaba, huganda kwa chokaa, na bei yake haikaribii ya kompresa.

Kama hakuna badiliko, tazama klachi ya kompresa. Sahani ya mbele inapaswa kushikwa na kuzunguka pamoja na puli AC ikiwashwa. Isiposhika, pima volti kwenye plagi yake. Pakiwa na volti 12 na klachi haisogei, zima na upime koili: ohmu 3 hadi 5 ni hali ya kawaida, na koili iliyokatika haionyeshi chochote. Koili ikiwa nzima, ingiza fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kati ya sahani na puli. Nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.6 ndiyo inayotakiwa kwenye kompresa nyingi. Klachi iliyolika hufikia milimita moja, na tabia yake hujulikana: AC hufanya kazi asubuhi, hukata baada ya nusu saa ya foleni, hurudi gari likipoa. Koili ya moto huwa na sumaku dhaifu, haiwezi kuvuta sahani iliyo mbali. Kuondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani humaliza tatizo, wala gesi haiguswi.

Pasipo volti kwenye plagi, fuata njia kurudi nyuma: swichi ya presha ndogo, swichi ya presha kubwa, rilei, fyuzi. Swichi ya presha ndogo inaweza kurukwa kwa kipande cha waya kwa sekunde chache ili kuona kama klachi inashika. Sekunde, si dakika. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Pasipo gesi, kompresa huzunguka kavu na kujila.

Sasa geji. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa, geji zote mbili zisome sawa. Kwa R134a, gesi ya AC iliyorithi R12 ya zamani, nyuzi 20 ni takriban bar 4.7, nyuzi 25 ni 5.7, nyuzi 30 ni 6.7. Chini sana ya hapo, gesi imekwisha. Lakini presha sahihi haithibitishi kiasi: kikibaki kimiminika kidogo tu, geji husoma vilevile kama mfumo uliojaa. Kiasi hujulikana kwa mizani peke yake.

Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, feni ya ndani kasi ya juu, na nje kuna nyuzi 30, tarajia takriban bar 2 hadi 2.8 upande mdogo (wa presha ndogo) na 12 hadi 16 upande mkubwa. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote mbili zikiwa juu, kwanza mwagia maji kondensa (redieta ya kupozea gesi): presha ikianguka haraka, tatizo ni upozaji, yaani feni iliyokufa au mapezi yaliyozibwa na wadudu na mchanga. Isipoanguka vya kutosha, gesi imezidi au kuna hewa ndani. Upande mdogo ukizama hadi karibu na sifuri huku valvu ya upanuzi (tundu jembamba la kupitishia gesi) ikiota barafu, kuna kizuizi. Kizuizi kinachokuja na kwenda ni maji yanayoganda kwenye tundu la valvu. Yanatoka kwa vakyumu ndefu na draya (kopo la kunyonya unyevu) mpya. Upande mdogo juu, mkubwa chini, na kuongeza kasi ya injini hakubadili kitu? Hapo ndipo kompresa imehukumiwa kwa haki.

Gesi pungufu haijatumika, imevuja. Anza pale penye mafuta yenye vumbi: oili hutoka pamoja na gesi na kuacha doa. Angalia pua ya kompresa, viungo vya kondensa, valvu za kujazia, kisha mipira iliyobanwa kwa pete. Porsche 911 zinazopozwa kwa hewa za miaka ya 1980 zinastahili uvumilivu wa pekee: kompresa iko nyuma, evaporeta (kipoza hewa ya kabini) mbele, kondensa moja kwenye kifuniko cha injini na nyingine chini ya bampa ya mbele. Mipira inayopita urefu wa gari zima ni mirefu mno, na ile ya asili hupitisha gesi kwenye ukuta wake hata bila tundu. Hapo kuziba kiungo hakusaidii. Weka mipira ya kisasa yenye tabaka la nailoni ndani. Kwa kutafuta tundu, jaza naitrojeni kavu hadi bar 10 na upake povu la sabuni. Hewa ya kompresa ya gereji ina unyevu, usiitumie.

Kutoka R12 kwenda R134a

Nchi zilizoendelea ziliacha kutengeneza R12 mwisho wa 1995, nchi nyingine mwaka 2010. Gari la kabla ya 1992 karibu hakika lilizaliwa na R12. Yaliyotoka kati ya 1992 na 1994 soma kibandiko chini ya boneti.

Kinachoharibu ubadilishaji huu ni oili. Oili ya madini ya R12 haichanganyiki na R134a, kwa hiyo hubaki imelala chini ya evaporeta na kompresa hukauka. Toa kompresa, mwaga oili yake na uipime, safisha kondensa na evaporeta kwa dawa ya kusuuza, kausha kwa naitrojeni, kisha weka oili ya esta kwa kiasi kilichoandikwa kwa mfumo mzima. Oili ya PAG, aina nyingine ya oili ya R134a, ni nzuri kwenye mfumo mpya, lakini mabaki ya oili ya zamani huisumbua, nayo hunyonya unyevu haraka ikiachwa wazi. Badilisha kila oringi kwa ya HNBR (raba inayostahimili R134a), iliyopakwa oili kabla ya kufungwa. Weka draya mpya na uifungue mfuko wake dakika ya mwisho kabisa. Usisuuze kompresa wala draya.

Vuta vakyumu dakika 45 au zaidi, funga bomba za geji, subiri nusu saa. Sindano isisogee. Muda huo si urembo: katika nyuzi 25, maji huchemka presha ikishuka hadi milibari 32, na yanahitaji nafasi ya kutoka. Kisha jaza kwa uzito, asilimia 80 hadi 90 ya kiasi cha R12. Mfumo wa gramu 900 huanza na gramu 720, ukipanda taratibu huku ukitazama presha ya upande mkubwa. Anayejaza gramu 900 zilezile hupata presha kubwa na baridi ndogo. Kondensa za zamani za bomba moja lililopindwapindwa huachia joto polepole. Kwenye foleni, kondensa ya mikondo sambamba huleta tofauti kubwa kuliko gesi yoyote.

Hita haitoi joto

Shika mipira miwili ya hita, kwa tahadhari. Yote ya moto na hewa baridi: kilango hakifunguki. Mmoja moto, mmoja baridi: valvu imefungwa au redieta ya hita imeziba. Yote vuguvugu: thamostati imebaki wazi, maji yamepungua, au hewa imenaswa. Magari yenye injini katikati husumbua hapa, kwa kuwa maji husafiri kutoka nyuma hadi mbele. Toyota MR2 ina sehemu za kutolea hewa kwenye redieta na kwenye hita. Anayejaza maji kwenye mdomo wa nyuma peke yake ataendesha na mapovu ndani.

Redieta ya hita iliyoziba husuuzwa kwa maji ya mpira wa bustani, kwa nguvu ndogo, kinyume na mtiririko wake kwanza. Nguvu kubwa hupasua mishono, na kuitoa kwenye gari la michezo mara nyingi ni kushusha dashibodi nzima.

Kwenye 911 zinazopozwa kwa hewa hakuna maji kabisa. Joto hutoka kwenye masanduku yanayozunguka bomba za moshi. Harufu ya oili hutoka kwenye vifuniko vya valvu vinavyodondoshea juu yake. Harufu ya moshi ni jambo jingine: kutu ikitoboa bomba ndani ya sanduku, kaboni monoksaidi huingia moja kwa moja kwenye kabini, na gesi hiyo yenyewe haina harufu. Funga hita, fungua vioo, na usiiwashe tena hadi masanduku yakaguliwe.

Maji miguuni, ukungu, harufu

Chovya kidole. Maji matupu upande wa abiria ni bomba la evaporeta lililoziba. Litoboe kutokea chini kwa waya laini wa plastiki. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, pamoja na ukungu wa mafuta kiooni, redieta ya hita inavuja. Yakija baada ya mvua, tazama raba za paa. Harufu ya soksi mbichi ni ukungu kwenye evaporeta: isafishe kwa dawa yake, na zima AC dakika tatu kabla ya kufika huku feni ikiendelea.

AC inayojirekebisha yenyewe inafanya maamuzi ya ajabu

Hewa ya moto mchana wa jua, kisha baridi kali ghafla: shuku sensa ya joto la kabini. Nyuma ya kijidirisha chake kwenye dashibodi huwa na feni ndogo au kijibomba kinachovuta hewa. Vumbi likikiziba, au feni ikikwama kama ilivyo kawaida kwenye Porsche 911 ya kizazi cha 964, sensa hupima joto la dashibodi badala ya la watu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hujikagua zenyewe: shikilia AUTO pamoja na kitufe cha mzunguko wa ndani huku ukiwasha swichi, usome namba. Sensa zote zikiwa nzima na kioo cha namba kikififia au kuzimika gari likipata joto, fungua kisanduku cha kudhibiti uangalie kwa lenzi: pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa kijenzi ni lehemu iliyopasuka, na doa lenye kung'aa chini ya kapasita ni kimiminika chake kilichovuja. La kwanza ni dakika tano za kulehemu. La pili lisafishwe siku hiyohiyo, kabla halijala njia za shaba.

Gari likiwekwa, liamshwe kila wiki mbili: AC dakika kumi injini ikiwa na joto, na kitelezi cha hita kisogezwe mara kadhaa mwisho hadi mwisho, hata kama nje ni kiangazi. Valvu ya hita isiyosogezwa mwaka mzima huwa haisogei tena.